Kutoka taa ya kupimia hadi soketi ya pini 16: historia fupi ya kulitafutia gari hitilafu ya umeme

Leo tunaweka kando hifadhidata na programu za wavuti, tunafungua boneti. Mada ni umeme wa gari la kisasa na jinsi mtu anavyoweza kuutafutia hitilafu akiwa nyumbani kwake. Nitaieleza kwa njia ya historia, maana bila historia ile soketi iliyo chini ya usukani wako ni tundu tu. Na ndani ya historia hiyo kuna swali linalotuhusu sote tunaoendesha magari ya mtumba: nani ana haki ya kuliuliza gari linaumwa wapi?

Tuanze na Dallas. Zipo mbili zinazotuhusu leo. Ya kwanza ni ile ya Texas, Marekani. Tarehe 12 Septemba 1958, katika kampuni ya Texas Instruments, mhandisi Jack Kilby aliwaonyesha wakubwa wake kipande kidogo cha jerimaniamu ambacho sehemu za sakiti nzima zilikuwa zimekaa pamoja juu yake. Hapo ndipo chipu zilipoanzia, na mwaka 2000 Kilby alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi hiyo.

Dallas ya pili ni mtaa wa mji wa Embu, kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kenya. Hakuna kiwanda cha chipu hapo. Lakini wajukuu wa chipu ya Kilby wanapita mjini Embu mchana na usiku, ndani ya Probox, Hiace na pikapu zinazofuata barabara ya Runyenjes, Chuka na Nkubu hadi Meru. Pikapu iliyobeba miraa ikizimika njiani usiku, mzigo unanyauka kabla ya kufika Nairobi, na aliyevuna, aliyefunga na anayeendesha wote wanapata hasara kwa sababu ya waya mmoja. Kwa hiyo msidhani mada hii ni ya wapenzi wa magari peke yao.

Turudi nyuma hadi miaka ya 1970. Barabara zetu zilikuwa na Peugeot 504, Land Rover, Datsun na malori ya Leyland, na magari mengi yalikuwa yakiunganishwa humu humu nchini, katika viwanda vya Thika, Mombasa na Nairobi. Umeme wa gari la wakati huo ungeweza kuuchora wote kwenye karatasi moja: betri, altaneta, stata, koili, distribyuta, taa, honi na waipa. Kabureta ilipima petroli yenyewe, bila kumuuliza mtu.

Kifaa kikuu cha fundi wa umeme kilikuwa taa ya kupimia. Ni balbu ndogo yenye waya; upande mmoja klipu inauma bodi ya gari, upande wa pili sindano inagusa waya unaoshukiwa. Balbu ikiwaka, umeme umefika. Isipowaka, rudi nyuma hatua moja uguse tena. Sisi waandishi wa programu tunaifahamu mbinu hii vizuri: gawa njia nusu kwa nusu, uliza swali la ndiyo au hapana, tupa nusu iliyo nzima, endelea na nusu iliyobaki. Mafundi wa jua kali walikuwa wakiifanya miaka mingi kabla wengi wetu hatujaandika mstari wa kwanza wa programu. Walijifunza kwa kukaa kando ya fundi mkubwa, si kwa vitabu. Ripoti maarufu ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, ya mwaka 1972, ndiyo iliyoifanya dunia ianze kuiona sekta hiyo isiyo rasmi kama uchumi wa kweli.

Sasa tuvuke bahari kidogo, kwa sababu kilichobadilisha kazi ya fundi wa Embu kilianzia kwenye moshi wa Los Angeles. Katika miaka ya 1940 mji huo ulianza kufunikwa na ukungu wa kuwasha macho. Mwanasayansi Arie Haagen-Smit, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alionyesha kwamba ukungu ule unatengenezwa na jua likichoma hewa chafu, nyingi yake ikitoka kwenye magari. Mwaka 1967 jimbo la California liliunda bodi yake ya kusimamia usafi wa hewa, na Haagen-Smit akawa mwenyekiti wake wa kwanza.

Ili injini ichome petroli bila kubakiza uchafu mwingi, mchanganyiko wa hewa na petroli unatakiwa upimwe kwa uangalifu ambao kabureta haiuwezi. Hapo ndipo umeme ulipoingia ndani ya injini kwenyewe. Mwaka 1967 Bosch ilileta mfumo wa D-Jetronic kwenye Volkswagen 1600: sensa zinapima, kisanduku cha umeme kinaamua, sindano zinamwaga petroli. Kufikia mwaka 1981 General Motors ilikuwa inaweka kompyuta kwenye karibu magari yake yote ya petroli ya soko la Marekani.

Lakini kompyuta ilileta tatizo jipya. Sensa ikifa, kompyuta inakisia na gari linaendelea kwenda huku likichafua hewa, na mwenye gari hajui lolote. Bodi ya California ikaamuru: kuanzia magari ya mwaka 1988, kompyuta ijichunguze yenyewe na iwashe taa ya injini ikiona kosa. Kila kampuni ikafanya kwa njia yake, kwa plagi yake na misimbo yake. Ndipo likaja agizo la pili, lililoanza kutekelezwa polepole mwaka 1994 na kuwa lazima kwa magari yote mapya madogo ya Marekani kuanzia yale ya mwaka 1996: soketi iwe moja, ya pini 16, iwe karibu na dereva, na misimbo ya moshi iwe ya aina moja kwa wote. Ulaya ilifuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli.

Ndugu msomaji, tulia hapo kidogo. Soketi ile haikuwekwa na watengenezaji kwa kutuonea huruma. Iliwekwa kwa sababu sheria iliwalazimisha, tena sheria ya moshi, na fundi wa nje ya kampuni akafaidika kama jirani aliyekuta mlango umeachwa wazi.

Na sisi je? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kenya ililegeza masharti ya kuingiza magari, na mtumba wa Japani ukaanza kumiminika kupitia Mombasa. Magari hayo yalijengwa kwa ajili ya soko la Japani, ambalo halikuwa chini ya sheria ya California. Mafundi wakakutana na maneno EFI nyuma ya gari, na ndani yake kompyuta isiyo na kitabu cha maelezo, au yenye kitabu cha Kijapani.

Hata hivyo Toyota ilikuwa imeacha ufa. Ndani ya boneti kulikuwa na kisanduku kidogo chenye kifuniko, na ndani yake matundu yenye herufi. Ukiunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha ukafungua swichi bila kuwasha injini, taa ya injini kwenye dashibodi inaanza kupepesa. Ikipepesa kwa mpigo mmoja usiobadilika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa mara mbili, ikapumzika, ikapepesa mara mbili tena, huo ni msimbo 22: sensa ya joto la maji, au waya wake. Fundi aliyelelewa na taa ya kupimia sasa alikuwa anahesabu mipepeso ya taa nyingine. Gari lilikuwa limeanza kusema.

Kisha kikaja kiwango cha KS 1515:2000 cha Shirika la Viwango la Kenya, chenye kanuni inayojulikana na kila mwagizaji: gari la mtumba lisizidi miaka 8. Wengi huiona kama kanuni ya kodi na uzee wa magari. Mimi naiona pia kama saa ya teknolojia. Chochote ambacho Japani inaweka ndani ya gari leo, kitatua Mombasa ndani ya miaka 8, na muda si mrefu baadaye kitakuwa mbele ya fundi wa Embu, awe ameandaliwa au la. Probox ya kwanza ilitoka Japani mwaka 2002. Kwa kanuni hiyo, gari la mwaka huo lilikuwa na hadi karibu na mwaka 2010 kuingia nchini.

Hapa kuna mtego uliowasumbua wengi. Magari mengi ya Kijapani ya miaka hiyo yana soketi ya pini 16 inayofanana kabisa na ya Marekani, lakini kompyuta yake inazungumza itifaki ya kampuni yenyewe. Umbo ni lile lile, lugha ni nyingine. Unachomeka kifaa chako, kinakataa kuunganika, unadhani kifaa ni kibovu au gari limekufa. Katika Toyota nyingi za aina hiyo ile njia ya mipepeso bado ipo, kwa kuunganisha pini ya 4 na ya 13 ya soketi. Hesabu pini zako mara mbili: ya 16 ina umeme wa betri moja kwa moja, na ukiikosea utaunguza kitu.

Wakati huo huo sheria yetu wenyewe ilikuwa inaongeza umeme ndani ya matatu. Kanuni za waziri John Michuki, Tangazo la Kisheria Nambari 161 la mwaka 2003 lililoanza kutekelezwa Februari 2004, zililazimisha vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Nyaya zikakatwa na kuungwa. Ongeza king'ora cha wizi, redio kubwa, taa za rangi na kifaa cha kufuatilia gari, kila kimoja kikiwa na maungio yake ya kusokota na kufunga kwa utepe. Maungio hayo yakipata maji ya mvua, au maji ya presha ya kuosha injini, kutu inaanza kazi yake taratibu. Ukiwa unatafuta hitilafu ya gari la kwetu, mahali pa kwanza pa kushuku ni pale ambapo mtu aliwahi kukata waya.

Badiliko la tatu ni la mtandao. Bosch ilianza kazi hiyo mwaka 1983 na kuitangaza Detroit mwaka 1986, chini ya jina la CAN. Sababu ilikuwa ya kawaida kabisa: nyaya zilikuwa zimezidi. Kama kila sensa inapeleka waya wake kwa kila kisanduku kinachoihitaji, gari linakuwa zigo la shaba. CAN inatumia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Visanduku vyote vinasikiliza, na kila ujumbe una nambari inayoonyesha uzito wake. Visanduku viwili vikianza kusema kwa pamoja, chenye nambari ndogo kinaendelea na kingine kinanyamaza na kusubiri, bila ujumbe kuharibika. Ninyi mnaojua mitandao ya kompyuta mtaona uzuri wa jambo hilo. Marekani iliifanya CAN kuwa lugha ya lazima ya soketi kuanzia magari ya mwaka 2008.

Na mtandao huo unaweza kuupima kwa maltimita ya bei ndogo. Kila mwisho wa zile nyaya mbili una kizuizi cha omu 120. Tenganisha betri, subiri kidogo, kisha pima kati ya pini ya 6 na ya 14. Ukipata karibu omu 60, ncha zote mbili zipo. Ukipata 120, huenda waya umekatika mahali au ncha moja imekosekana. Ukipata karibu sifuri, nyaya mbili zimegusana. Kwa gari ambalo taa zote za dashibodi zimewaka kwa pamoja kama sherehe, kipimo hicho cha dakika moja kinaweza kukuokoa kununua kompyuta isiyohitajika.

Mwaka 2005 kampuni ndogo ya Kanada, Elm Electronics, ilitoa chipu ya ELM327. Kazi yake ni kutafsiri: upande mmoja lugha za gari, upande wa pili herufi za kawaida ambazo kompyuta yoyote inazisoma. Toleo la kwanza halikufungiwa programu yake isinakiliwe, na viwanda vya China viliinakili bila kuchoka. Ndiyo asili ya vile vifaa vidogo vya Bluetooth vinavyouzwa kwa bei ya chakula cha siku chache. Elm yenyewe ilifunga kazi mwaka 2022; nakala zake bado zinauzwa.

Kwa mwandishi wa programu kifaa hiki ni raha. Unatuma 010C, yaani "nipe mwendo wa injini sasa hivi." Gari linajibu 41 0C 0B B8. Baiti mbili za mwisho ni 11 na 184. Zidisha 11 kwa 256, ongeza 184, unapata 3000. Gawanya kwa 4, injini inazunguka mara 750 kwa dakika. Hakuna uchawi wowote hapo. Ni swali na jibu kama ya seva na kivinjari, na mtoto wa shule ya upili anaweza kuiandikia programu.

Lakini hapa ndipo watu wengi wanapoteza pesa. Msimbo si jina la kifaa kilichoharibika. Msimbo ni malalamiko ya kompyuta kuhusu kile inachokiona kutoka mahali ilipo. P0562 inasema umeme wa gari ni mdogo; haisemi kama ni betri, altaneta au waya uliolegea. U0100 inasema mawasiliano na kompyuta ya injini yamepotea. Inaweza kuwa ni fyuzi tu. Anayesoma msimbo na kwenda moja kwa moja dukani ni kama mwandishi wa programu anayesoma ujumbe wa kosa na kununua kompyuta mpya.

Kwa hiyo mpangilio wa nyumbani ni ule wa zamani, na skana ikae ndani yake. Kwanza betri: ikiwa imepumzika na imejaa iwe karibu volti 12.6. Stata ikizungusha isishuke chini ya volti 10 hivi. Injini ikiwaka, magari mengi yawe kati ya 13.8 na 14.5. Pili, njia ya kurudi: weka mkono mmoja wa maltimita kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye chuma cha injini, mtu mwingine awashe stata, ukiona zaidi ya nusu volti, waya wa hasi unaoshika bodi au injini una kutu au umelegea. Tatu, fyuzi na rilei. Nne, soma misimbo na uiandike kabla ya kuifuta. Tano, fuata waya wa sensa inayolalamikiwa kabla ya kuibadilisha sensa yenyewe.

Betri ikifa usiku bila sababu, funga gari, liache hadi visanduku vyake vilale, kama nusu saa au zaidi, kisha pima umeme unaovuja. Katika gari zima huwa hauzidi miliampea 50 hivi. Ukizidi sana, anza kuchunguza vile vitu vilivyoongezwa na watu baada ya kiwanda.

Tahadhari tatu. Ile taa ya kupimia iliyotulea sote usiiguse kwenye nyaya za kompyuta, maana inavuta umeme mwingi kuliko sakiti hizo zinavyovumilia, tumia maltimita. Usiguse kabisa nyaya za mifuko ya hewa, ambazo kwa kawaida huwa za manjano. Na kwenye magari ya haibridi kama Prius na Aqua, nyaya za rangi ya chungwa zina mamia ya volti. Hizo ni za fundi aliyefunzwa na mwenye glavu zake.

Tumefika leo, na hapa ndipo lile swali la mwanzo linaporudi. Mwaka 2015 watafiti Charlie Miller na Chris Valasek waliingia ndani ya Jeep Cherokee kwa njia ya mtandao wa simu wakaliendesha wakiwa mbali, na magari milioni 1.4 yakaitwa kurekebishwa. Kuanzia magari ya mwaka 2018 kampuni hiyo ikaweka lango kati ya soketi na mtandao wa gari: kusoma unaweza, lakini kufuta msimbo au kujaribisha kifaa kunahitaji ruhusa ya kampuni kupitia intaneti. Volkswagen ilileta kufuli yake ilipotoa Golf ya nane. Na hofu yao si ya bure. Mwaka 2022 huko London, gari aina ya RAV4 la mtafiti Ian Tabor liliibwa. Uchunguzi wake na mwenzake Ken Tindell ulionyesha jinsi wezi wanavyoingia kwenye nyaya za CAN kupitia taa ya mbele na kuliambia gari lifungue milango.

Kwa hiyo kufuli lina sababu. Lakini funguo zake zinakaa kwa nani? Wapiga kura wa Massachusetts walijibu kwa kura mwaka 2012 na tena 2020, wakidai mwenye gari na fundi wake wapewe habari za matengenezo. Ulaya ilitunga kanuni yake mwaka 2007. Sheria hizo zinawalinda watu wa huko, kwenye magari yaliyouzwa huko. Gari lililouzwa Japani, likatumika miaka 7, likaishia Embu, linamwachia mwenye nalo nani wa kumwomba ruhusa?

Sisi tuna mahali pa kuanzia. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi bidhaa kikamilifu. Sioni sababu habari za waya za gari zisiwemo. Na ile saa ya miaka 8, ambayo tumezoea kuilalamikia, hapa inatusaidia: kufuli linalowekwa leo huko ng'ambo tunaweza kulijua leo, na tuna miaka kadhaa ya kujiandaa kabla halijafika barabara ya Meru.

Wenzangu mnaoandika programu, kazi ipo. Misimbo ya kawaida ni maelfu, na maelezo yake karibu yote ni ya Kiingereza. Tukiyaandika kwa Kiswahili kinachoeleweka gereji, pamoja na itifaki za zile Toyota na Nissan za soko la Japani, na kuyaweka wazi kama chanzo huria, fundi wa Dallas ya Embu hatategemea kubahatisha wala kununua sensa tatu ili apate moja. Mimi naanza na herufi P. Atakayechukua U na ajitokeze.

Haya, kwaherini kwa leo. Na kabla hujanunua betri mpya, kaza ule waya wa hasi kwanza.